Mwenyeheri Benedict Daswa: Mwalimu wa Shule ya Msingi Aliyeuawa kwa Kuitetea Kweli

Kila mwaka, tarehe 1 Februari, Kanisa Katoliki nchini Afrika Kusini huadhimisha kumbukumbu ya Mwenyeheri Benedict Daswa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mume, baba wa watoto wanane na kiongozi wa waamini walei katika Jimbo Katoliki la Tzaneen. Aliuawa na kundi la watu wa kijiji chake usiku wa tarehe 2 Februari 1990, akiwa na umri wa miaka 43, kwa sababu alikataa kutoa mchango wa fedha za kumlipa mganga ili amtaje mchawi. Tarehe 13 Septemba 2015 alitangazwa kuwa Mwenyeheri, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika Kusini kupewa heshima hiyo na Kanisa.

Wengi wanaosikia habari zake husimuliwa zaidi kifo chake. Lakini ushuhuda wa usiku ule haueleweki vema pasipo kuyatazama maisha yake ya ualimu. Neno alilolisema mbele ya baraza la kijiji halikuwa jipya kinywani mwake. Ndilo alilokuwa akiwafundisha watoto na vijana miaka yote. Kwa sababu hiyo makala hii inamwangalia Mwenyeheri Daswa hasa kama mwalimu, ili walimu, wazazi na makatekista wetu wajifunze kutoka kwake.

Utoto na ujana

Alizaliwa tarehe 16 Juni 1946 katika kijiji cha Mbahe, karibu na Thohoyandou, eneo la Venda lililo kaskazini kabisa mwa Afrika Kusini, ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Limpopo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Tshimangadzo, ambalo kwa lugha ya Kivenda lina maana ya ajabu au muujiza. Aliitwa pia Samuel. Ukoo wake ni wa Walemba, jamii ambayo kwa vizazi vingi imeshika desturi zinazofanana na za Wayahudi, kama vile tohara na kutokula nyama ya nguruwe.

Kama watoto wengine wa kijijini, alichunga mifugo kabla ya kuanza shule na hata alipokuwa shuleni. Baba yake alipofariki dunia, yeye akiwa mtoto wa kwanza aliubeba mzigo wa familia. Aliwahimiza wadogo zake wasome na kuwasaidia kulipa karo. Hivyo, hata kabla ya kuwa na darasa lake, alikwisha kujua elimu inamgharimu nini mtoto wa maskini.

Katekesi na Ubatizo

Familia yake haikuwa ya Kikatoliki. Alilifahamu Kanisa kupitia rafiki yake Mkatoliki alipokuwa Johannesburg kwa mjomba wake wakati wa likizo. Aliporudi kijijini alijiunga na mafundisho ya dini chini ya katekista Benedict Risimati. Baada ya maandalizi ya takriban miaka miwili alibatizwa tarehe 21 Aprili 1963, na miezi michache baadaye akapokea Sakramenti ya Kipaimara.

Katika Ubatizo alichagua jina la Benedict. Alilichukua kwa heshima ya katekista wake, na kwa heshima ya Mtakatifu Benedikto Abate, ambaye wafuasi wake wanajulikana kwa kuunganisha sala na kazi. Jambo hili linastahili kutafakariwa na makatekista wetu, ambao mara nyingi hufanya kazi yao kimya, kwa posho kidogo au bila posho kabisa. Jina ambalo leo linatajwa altareni lilikuwa kwanza jina la katekista wa kijijini.

Mwalimu katika shule ya kijiji

Baada ya kusomea ualimu wa shule za msingi, Daswa alianza kufundisha huku akiendelea kujiendeleza kwa masomo ya njia ya posta. Baadaye alikabidhiwa uongozi wa Shule ya Msingi Nweli, jirani na kijiji chake, akawa mwalimu mkuu wake mpaka kifo chake.

Wakati huo haukuwa mwepesi kwa mwalimu Mwafrika. Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953 ilikuwa imeziweka shule za Waafrika chini ya serikali ya ubaguzi wa rangi, na shule nyingi za misioni zilikwisha kuchukuliwa au kufungwa. Mfumo huo ulikusudia mtoto Mwafrika apate elimu duni, imtoshe tu kufanya kazi za chini. Mwalimu aliyewaheshimu wanafunzi wake na kudai wasome kwa bidii alikuwa, kwa kazi yake ya kila siku, akiukataa uongo huo kwamba mtoto huyu ana thamani ndogo kuliko yule.

Daswa alikuwa mwalimu wa namna hiyo. Alisisitiza nidhamu, usafi na kufika kwa wakati, naye mwenyewe alikuwa wa kwanza kushika aliyoyadai. Mtoto asipofika shuleni, alitaka kujua sababu na kuonana na familia yake. Alikuwa na shamba la mboga na matunda ambalo mazao yake aliwagawia pia wenye shida. Wanafunzi ambao wazazi wao hawakuweza kulipa karo aliwapa kazi katika shamba hilo ili wapate fedha za shule kwa jasho lao. Kwa njia hiyo mtoto hakufukuzwa shule kwa umaskini, wala hakuzoea kuomba. Alijifunza kulima na kuheshimu kazi.

Ikumbukwe kwamba darasa lake lilikuwa la watoto wa kijiji, wa imani mbalimbali na wengi wao wasio Wakatoliki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa linapaswa kuwa karibu pia na watoto wanaosoma katika shule zisizo za Kikatoliki, na kwamba linafanya hivyo kwanza kwa ushuhuda wa maisha ya walimu wao. Daswa aliyaishi mafundisho hayo. Hakuhitaji shule yenye jina la mtakatifu mlangoni ili awe mwalimu Mkristo.

Mume, baba na mlei katika parokia

Daswa alimwoa Shadi Eveline Monyai, nao wakajaliwa watoto wanane. Wa mwisho alizaliwa baada ya kifo cha baba yake. Nyumbani alifanya kazi ambazo katika mazingira yake zilihesabiwa kuwa za wanawake. Alimsaidia mkewe kulea watoto na kufua nguo zao, wakati wanaume wengine wakimcheka. Familia ilisali pamoja. Kwa bidii yake alijenga nyumba ya matofali na kununua gari, mambo yaliyokuwa adimu kijijini wakati huo. Baadhi ya watu walimheshimu kwa hayo, lakini wengine walimwonea wivu, na wivu huo ulikuja kuwa sehemu ya chuki iliyomwangamiza.

Katika Kanisa alifundisha dini watoto na vijana, na padre alipokosekana aliongoza ibada ya Dominika. Alishiriki kwa hali na mali kulijenga kanisa la kwanza la Kikatoliki katika eneo la Nweli, akitumia gari lake kusomba vifaa. Katika kijiji aliaminiwa kuwa katibu wa baraza la mkuu wa kijiji, kwa kuwa alijua kuandika, alikuwa mwaminifu na hakuogopa kusema lililo kweli.

Tukio moja la maisha yake ya kawaida linaonesha msimamo wake mapema. Daswa alipenda mpira wa miguu na alisaidia kuanzisha timu ya vijana. Timu iliposhindwa mara kwa mara, baadhi ya wachezaji walitaka itafutwe dawa ya kienyeji ya kuwapa ushindi, jambo ambalo mashabiki wa soka hapa kwetu hulifahamu kwa jina la mzaha la kamati ya ufundi. Daswa alikataa. Aliposhindwa kuwashawishi, alijitoa katika timu hiyo na kuanzisha nyingine. Wengine wangesema ni mchezo tu, lakini yeye aliona kwamba kijana anayefundishwa kushinda kwa hirizi hatajifunza kufanya mazoezi, wala kukubali kwamba mpinzani wake amecheza vizuri zaidi.

Radi za Januari 1990

Eneo la Venda hupata mvua zake katika kiangazi cha kusini mwa dunia, kuanzia Novemba hadi Februari, na mvua hizo huambatana na ngurumo na radi. Nyumba nyingi za wakati huo zilikuwa za msonge zilizoezekwa kwa nyasi, hivyo radi moja iliweza kuteketeza makazi ya familia nzima. Tarehe 25 Januari 1990 kulikuwa na dhoruba kubwa, na radi ikachoma nyumba kadhaa kijijini Mbahe.

Wengi waliamini kwamba radi ile ilitumwa na mtu. Dominika, tarehe 28 Januari, mkuu wa kijiji aliitisha baraza. Ikaamuliwa kwamba kila mmoja atoe randi 5 ili kumlipa mganga awafichulie mchawi. Daswa alipofika, uamuzi ulikuwa umekwisha kupitishwa. Akasimama na kuwaeleza kwamba radi ni jambo la maumbile, haitumwi na jirani, na kwamba mganga akitaja jina, mtu asiye na hatia atauawa. Hawakukubali. Ndipo akasema wazi kwamba imani yake haimruhusu kushiriki jambo lolote linalohusu uchawi, na kwamba hatatoa mchango huo.

Tuelewe vema ugumu wa saa ile. Randi 5 hazikuwa fedha za kumshinda mwalimu mkuu mwenye gari. Angeweza kuzitoa kimya, akarudi nyumbani, na kesho yake darasani akaendelea kufundisha kwamba radi ni umeme wa mawinguni. Lakini mchango ule ulikuwa sahihi yake juu ya hukumu ya mtu ambaye jina lake lilikuwa bado kutajwa. Hofu yake ilikuwa na msingi. Miaka hiyo, katika eneo lile lote la kaskazini, watu wengi walifukuzwa makwao au kuuawa, baadhi yao kwa kuchomwa moto, kwa tuhuma za uchawi. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1995 serikali mpya ya jimbo iliunda tume maalumu, chini ya Profesa Ralushai, kuchunguza mauaji hayo.

Usiku wa tarehe 2 Februari

Ijumaa, tarehe 2 Februari 1990, ni siku ambayo Afrika Kusini yote inaikumbuka: Rais F. W. de Klerk alitangaza bungeni kuviondolea marufuku vyama vya ukombozi na kwamba Nelson Mandela ataachiwa huru. Kwa Kanisa ilikuwa Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni.

Siku hiyo Daswa alimpeleka shemeji yake na mtoto mgonjwa kwa daktari mjini Thohoyandou. Jioni, akiwa njiani kurudi, alimpa lifti mtu aliyebeba mfuko wa unga, akamfikisha katika kijiji cha jirani. Alipokuwa akirejea nyumbani peke yake, akakuta barabara imezibwa. Aliposhuka kuondoa vizuizi, kundi la watu lilitokea gizani na kuanza kumpiga kwa mawe. Akiwa na majeraha, alikimbia na kuomba hifadhi katika nyumba ya mama mmoja. Kundi lilimfuata na kutishia kumwua mwenye nyumba.

Daswa akatoka mwenyewe ili mama yule asidhurike. Aliwauliza kwa nini wanataka kumwua, akaomba Mungu aipokee roho yake, kisha akapigwa rungu kichwani. Wakammwagia maji yaliyochemka kichwani na masikioni. Baadhi ya watu walikamatwa, lakini hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Katika Misa ya mazishi yake, tarehe 10 Februari 1990, mapadre walivaa mavazi mekundu, rangi ya mashahidi. Waamini wa Nweli walikwisha kutambua maana ya kifo kile miaka mingi kabla ya hati yoyote kutoka Roma.

Kanisa lautambua ushahidi wake

Uchunguzi rasmi ulifanyika katika Jimbo la Tzaneen kuanzia mwaka 2005 hadi 2009, chini ya Askofu Hugh Slattery. Tarehe 22 Januari 2015, Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha tamko kwamba Benedict Daswa aliuawa kwa chuki dhidi ya imani. Ibada ya kumtangaza Mwenyeheri iliongozwa na Kardinali Angelo Amato huko Tshitanini, karibu na Thohoyandou, mbele ya umati wa maelfu ya waamini, akiwemo mama yake mzazi aliyekuwa na umri wa miaka zaidi ya 90. Kwa kuwa tarehe 2 Februari ni sikukuu ya Bwana, kumbukumbu yake imewekwa siku iliyotangulia. Masalia yake yanatunzwa katika kanisa lile la Nweli alilosaidia kulijenga.

Kanisa linafundisha nini

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2115 hadi 2117, inaeleza kwamba kupiga ramli na kutaka kutawala nguvu zilizofichika ni kinyume cha heshima na imani tunayopaswa kumpa Mungu peke yake. Inaongeza kwamba matumizi ya tiba za jadi hayahalalishi kuziita nguvu za uovu wala kuwanyonya watu kwa kutumia wepesi wao wa kuamini. Hapa tofauti inahitajika. Kutumia mizizi na majani yanayotibu si dhambi, kwani mimea ni zawadi ya Muumba. Kinachokatazwa ni ramli, hirizi, na kumtafuta mtu wa kubebeshwa lawama ya ugonjwa, kifo au radi.

Papa Benedikto XVI, katika Wosia wa Kitume Africae Munus aliouweka sahihi huko Ouidah, Benin, mwaka 2011, aligusia jinsi uchawi na ushirikina unavyorudi kwa nguvu barani mwetu na kuwafanya waamini waishi kwa nyoyo mbili: Kanisani asubuhi, na kwa mganga usiku.

Hatuwezi kuisoma habari ya Mbahe kana kwamba ni ya watu wa mbali. Hapa Tanzania ramli chonganishi imesambaratisha familia na kuwagharimu maisha vikongwe wasio na kosa zaidi ya kuwa na macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Katika baadhi ya vijiji vya magharibi mwa nchi, watu wamewahi kuchangishana fedha kuwaita wapiga ramli wanaojulikana kama kamchape au lambalamba, wawasafishie kijiji. Asiyechanga hutiliwa shaka kuwa ndiye mwenyewe. Ni mchango uleule aliodaiwa Daswa.

Mambo ya kujifunza kwa walimu, wazazi na makatekista

Kwanza, mwalimu hufundisha pia akiwa nje ya darasa. Mtoto aliyesikia asubuhi kwamba malaria huletwa na mbu, kisha jioni akamwona mwalimu wake akichangia fedha za mganga, ataamini alichokiona. Papa Mtakatifu Paulo VI, katika Wosia wa mwaka 1975 juu ya uinjilishaji, alitukumbusha kwamba watu wa nyakati hizi huwasikiliza mashahidi kuliko walimu. Na wakiwasikiliza walimu, ni kwa kuwa ni mashahidi.

Pili, imani na elimu si maadui. Daswa alitumia sayansi ya kawaida ya shule ya msingi kuieleza radi, na kwa imani yake akakataa ramli. Yote mawili yalitetea uhai wa mtu mmoja asiyejulikana. Mwalimu wa sayansi anayefundisha vizuri kuhusu radi, degedege au ualbino anafanya kazi ya huruma.

Tatu, msimamo mkubwa hujengwa kwa mambo madogo. Kabla ya baraza la kijiji kulikuwa na timu ya mpira; kabla ya timu kulikuwa na nidhamu ya kila siku, sala ya familia na nguo za mtoto zilizofuliwa bila kuona aibu. Mzazi anayetaka mtoto wake awe jasiri katika mambo makubwa aanze na hayo.

Nne, mwalimu wa namna hii asiachwe peke yake. Barazani Mbahe ilisikika sauti moja. Halmashauri za parokia na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zijiulize: mchango wa namna ile ukiletwa mtaani kwetu, ni wangapi watasimama pamoja na mwalimu atakayesema hapana? Jumuiya inaweza kuzungumza na wazee wa mtaa mapema, kuwatembelea wajane na vikongwe wanaonyooshewa vidole, na kutoa taarifa kwa vyombo vya dola kabla damu haijamwagika.

Tuwaombee walimu wote wa shule za msingi, hasa wale wa vijijini wanaofundisha madarasa yaliyojaa kwa mishahara isiyotosha, ili wapate nguvu ya kusema nje ya darasa kile kile wanachokisema ndani yake.

Mwenyeheri Benedict Daswa, utuombee.